Kumwacha si Kumtupa

Ndugu wasomaji, liko swali moja ambalo tumekaa nalo tangu mwezi wa Mei, nalo limekataa kutuacha. Mtu akimwona kiumbe katika shida, naye ana mikono yenye nguvu, je, aweza kusimama mbali akimtazama tu, kisha aende zake, wala asihesabiwe kuwa mkosaji? Sisi sote tulilelewa na wazee waliotufundisha kwamba jicho likiona shida, mkono usikae bure. Fundisho hilo ni jema, wala hatuandiki ili kulivunja. Lakini safarini tulikutana na jambo lililotulazimisha kulichungua tena, tujue mpaka wake ni wapi. Basi twataka kwanza kuwasimulia tuliyoyaona, kisha tulipime swali pamoja nanyi.

Safari yetu ilikuwa ya Marekani, katika hifadhi ya taifa iitwayo Yellowstone, iliyo katika milima ya Rocky. Sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Wyoming, na pembe zake zaingia Montana na Idaho. Hifadhi hiyo ilitengwa kwa sheria tarehe 1 Machi 1872, Rais Ulysses S. Grant alipotia sahihi yake, nayo huhesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Ukubwa wake wakaribia kilometa za mraba 9,000. Nchi yenyewe iko juu sana, sehemu kubwa yapita meta 2,000 juu ya bahari. Chini yake mna moto wa volkano, hata maji ya moto yabubujika mahali pengi, na mvuke wapanda kama moshi wa mekoni wakati wa alfajiri.

Sisi wa nchi za joto twajua masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Lakini majira ya kuchipua twayajua kwa kusoma tu. Katika milima ile theluji hufunika nchi miezi mingi. Njia karibu zote hufungwa kwa motokaa, isipokuwa njia moja ya kaskazini, itokayo Gardiner hata Cooke City, ambayo hupitika mwaka mzima. Tangu katikati ya Aprili njia nyingine hufunguliwa moja moja. Ndipo theluji huyeyuka, mito hujaa, na nyasi mbichi huanza kuota mabondeni, kisha hupanda milimani kidogo kidogo, na wanyama huzifuata. Dubu hutoka mapangoni walikolala wakati wa baridi: madume hutangulia mwezi wa Machi, na majike wenye watoto huwafuata katika Aprili na Mei. Korongo hurudi kutoka nchi za kusini, na sauti yao husikika mbali kabla hawajaonekana. Nao nyati huzaa.

Nyati hao si kama nyati wetu. Mabega yao yameinuka kama nundu, kichwa ni kizito na chenye manyoya mengi, na dume mkubwa hupata kilo 900. Ndama huzaliwa katika Aprili na Mei, na rangi yake ni nyekundu kama udongo wa shamba letu baada ya mvua. Hachelewi kusimama, baada ya saa mbili tatu aweza kulifuata kundi. Watu husafiri kutoka mbali ili kuyaona mambo hayo. Kwa mwaka mmoja hifadhi hiyo hupokea wageni zaidi ya milioni nne.

Mzee mwenyeji wetu alituamsha usiku ungaliko, akatupeleka katika bonde la Lamar, upande wa kaskazini-mashariki. Tulipofika tulikuta watu wamekwisha kusimama kando ya njia, wamevaa makoti mazito, kila mmoja na darubini yake. Walisema kwa sauti ya chini, kama watu waliofika penye mgonjwa aliyelala. Mama mmoja mgeni, asiyetujua kabisa, akatuita tutazame katika darubini yake. Tukaona mlimani, mbali sana, dubu jike na watoto wawili. Walikuwa wakila mzoga wa elki, yaani kulungu mkubwa wa nchi ile, aliyekufa kwa baridi na njaa theluji ilipokuwa nyingi. Watoto wa dubu walipanda juu ya mzoga na kuteremka, wakicheza. Mahali pale kifo cha mmoja kilikuwa karamu ya wengine, na hakuna aliyeona neno la kulaumu.

Ilipopata saa nne tulifika mahali njia inapokaribia mto. Mto wa Lamar ulikuwa umejaa maji ya theluji, rangi yake kama chai ya maziwa, na mkondo una nguvu. Kundi la nyati lilikuwa limevuka, nalo lilisimama ng'ambo likila. Upande wetu alibaki ndama mmoja mwekundu, peke yake. Alikimbia ukingoni akienda juu, akarudi chini, akilia. Sauti yake si kubwa. Ni kama mkoromo mfupi. Ng'ambo jike mmoja aliinua kichwa na kutazama, akashuka mpaka majini, akasimama. Ndama akaingia mtoni. Mkondo ukamchukua hatua nyingi, ukamtupa upande uleule alikotoka. Akapanda, akajitikisa, akaanza tena kukimbia na kulia.

Mwenzetu mmoja, ambaye ni baba wa watoto wadogo, hakuweza kuvumilia. Tulipomtazama alikuwa amekwisha kuvua viatu. Mzee mwenyeji wetu akamshika mkono wa koti, kwa upole lakini kwa nguvu, akamwambia: "Ndugu yangu, mwachie mama yake nafasi." Mwenzetu akajibu: "Mzee, maji yatamwua, nasi tu watu wazima watano tumesimama hapa." Mzee akasema: "Huenda yakamwua. Lakini wewe ukimgusa, huenda akapotewa na njia ya kurudi." Tukasimama. Tulisimama zaidi ya saa moja, na kila alipolia tulitazamana. Twakiri mbele yenu kwamba wengine wetu tulimkasirikia yule mzee moyoni, tukimwona kuwa mtu mgumu. Alasiri theluji ikaanza kuanguka, nasi ilitupasa kuondoka. Ndama alikuwa amelala ukingoni, na yule jike alikuwa angali amesimama ng'ambo.

Asubuhi tulirudi mahali palepale. Ndama hakuwapo, wala mzoga haukuwapo, na kundi lilikuwa limehamia mbali, wala hatukuweza kuwatambua ndama wake mmoja mmoja. Mwisho wa habari yake hatukuupata, wala hatutaupata.

Jioni ile, tukiwa tumekaa karibu na moto, mzee alitueleza kwa nini alimshika mwenzetu. Alitusimulia mambo mawili yaliyotokea katika hifadhi hiyo, nayo yajulikana na watu wote.

La kwanza ni la mwezi wa Mei mwaka 2016. Wageni walimwona ndama wa nyati, wakadhani anakufa kwa baridi. Wakampakia katika motokaa yao, wakampeleka mpaka kwa askari wa hifadhi, wakitumaini kumwokoa. Askari wakajaribu mara nyingi kumrudisha kundini, lakini kundi halikumpokea. Ndama akawa akiyakaribia magari na watu njiani, kwa kuwa hao ndio aliowazoea. Mwisho askari wakamwua.

La pili ni la tarehe 20 Mei 2023, katika bonde lilelile la Lamar, karibu na mahali mto unapokutana na kijito cha Soda Butte. Kundi lilikuwa likivuka, na ndama mmoja akatengana na mama yake. Mtu mmoja akashuka, akamsukuma yule ndama kutoka mtoni mpaka njiani. Yaliyofuata ni yaleyale: ndama akaanza kufuata motokaa na watu, askari wakajaribu kumrudisha, kundi likamkataa, naye akauawa. Mtu huyo alishtakiwa, akakiri kosa, akatozwa faini. Wengi waliuliza kwa nini ndama hakupelekwa mahali pa kulelewa. Hifadhi ikajibu kwamba nyati wa Yellowstone wana ugonjwa wa kutupa mimba uitwao brusela, ambao huwapata hata ng'ombe. Kwa sababu hiyo sheria hairuhusu kumtoa nyati akiwa hai mpaka akae karantini kwanza, na mtoto mchanga asiye na mama hawezi kupita njia hiyo.

Tafadhali, ndugu, tusipite haraka hapa. Hao watu hawakuwa wakatili. Hawakuwa wawindaji wala wezi. Waliona kitoto kikitetemeka, na mioyo yao ikaguswa, kama yetu ilivyoguswa. Hukumu ya moyo wao si kazi yetu. Lakini twaona kwamba huruma yaweza kuwa ya kweli, nao mkono ukaleta mauti. Basi haitoshi mtu kusema, "Nilikusudia mema." Wema wa kusudi ni mwanzo wa tendo, na baada ya mwanzo huo yatupasa kuuliza: Je, namjua huyu ninayemsaidia? Najua haja yake ni nini? Nami nitakuwapo kesho, tendo langu litakapozaa matunda yake?

Swali la tatu ndilo zito. Mgeni wa hifadhi hukaa siku tatu, kisha huenda zake. Ndama amekaa na kundi lake tangu kuzaliwa, naye hana mahali pengine. Mwenye kumchukua ndama kwa siku moja amemwahidi jambo ambalo hawezi kulitimiza, kwa maana hana maziwa ya kumpa, wala kundi, wala ulinzi wa usiku.

Tukizisoma habari za hifadhi hiyo tangu zamani, twaona kwamba taabu nyingi za wanyama wake zilitoka kwa mikono ya watu, na si mikono ya chuki peke yake. Tutoe mfano wa dubu. Kwa miaka mingi wageni waliwapa dubu mikate na vitamu kando ya njia, na taka za hoteli zilimwagwa katika majaa ambako dubu walikuja kula. Mahali pengine palipangwa viti ili watu wakae na kuwatazama wakila. Watu walifurahi, wakadhani wamefanya urafiki na dubu. Wahenga walisema, mkono mtupu haurambwi. Na dubu aliyezoea mkono uliojaa huja kuudai siku ulipo mtupu. Tangu mwaka 1931 hata 1969 dubu walijeruhi kwa wastani watu 48 kila mwaka katika hifadhi hiyo. Ilipofika mwaka 1970 majaa yalikuwa yamefungwa, na dubu wengi waliokuwa wamesahau kujitafutia chakula wakaingia makambini mwa watu, wakauawa. Mwaka 1975 dubu wakubwa wa nchi ile wakawekwa chini ya ulinzi wa sheria ili wasije wakatoweka. Leo idadi yao imeongezeka sana, nao hula mizizi, nyasi, samaki, mizoga na watoto wa elki, kama ilivyo desturi yao. Atakaye kuwaona huwaona kwa darubini, wala hawaletewi mkate.

Mbwa mwitu wa nchi za baridi, aliye mkubwa kuliko mbwa mwitu wetu wa madoadoa, aliondolewa kwa jina la huruma pia. Watu walisema, "Tuwahurumie elki, tumwondoe mwenye kuwala." Ilipofika mwaka 1926 mbwa mwitu walikuwa wamekwisha kuuawa katika hifadhi. Elki wakaongezeka, wakayala malisho kupita kiasi, hata askari wa hifadhi wenyewe wakawa wakiwapunguza, kazi waliyoendelea nayo mpaka miaka ya 1960. Kumbe waliomwondoa mwuaji mmoja walipaswa kushika kazi yake! Ndipo mwaka 1995 na 1996 mbwa mwitu 31 wakaletwa kutoka Kanada, na wazao wao wamo mpaka leo. Tulimsikia mmoja wao asubuhi moja. Alilia kutoka ng'ambo ya bonde, na watu wote njiani wakanyamaza.

Lakini mtu asitoke hapa akisema kwamba mkono wa mwanadamu ni mbaya kila mahali. Hao nyati tuliowaona wako hai kwa sababu ya mkono. Zamani nyati wa Marekani walikuwa mamilioni, nao waliuawa ovyo katika karne ya 19, hata mwaka 1902 waliobaki Yellowstone walikuwa yapata ishirini na wanne tu. Ndipo serikali ikanunua wengine kutoka kwa wafugaji, wakachungwa na kulishwa kama ng'ombe, na tangu mwaka 1907 kazi hiyo ikafanyika katika bonde lilelile la Lamar. Leo ni maelfu. Je, waliofanya hivyo walikosa? Hatusemi hivyo. Watu walikuwa wamewamaliza, na watu walipaswa kuwarudisha. Aliyefunga ndiye apaswaye kufungua. Kama ndama wetu angalinaswa katika waya uliotegwa na mtu, au kama angaligongwa na motokaa yetu, tungalisema neno jingine kabisa. Bali huyu alishikwa na mto uliojaa, na mito hujaa kila mwaka, na nyati wamevuka mito tangu kabla ya kuwapo njia na motokaa.

Hapa labda ndugu mmoja atasema: "Mafundisho yenu ni magumu. Mkiwafundisha watu kutazama shida bila kusaidia, mioyo yao itakuwa mawe, na kesho watatazama mtoto wa jirani kwa macho yaleyale." Pingamizi hili ni la haki, nasi tulilisema wenyewe mtoni. Twajibu hivi. Mtu aliyejeruhiwa njiani ni mwenzetu; twaijua lugha yake, twajua maumivu yake, naye aweza kutuambia, "Nisaidie," au "Niache." Tukimwinua, jamaa zake hawatamkataa kwa kuwa ana harufu ya mikono yetu. Mtu alifanywa alelewe na mikono ya watu. Kwa hiyo aipelekaye sheria ya bonde la Lamar katika nyumba ya jirani yake mwenye njaa, akasema, "Na apambane, ndiyo desturi ya dunia," amekosa kabisa, naye amejitafutia udhuru wa uchoyo wake. Sheria ya kusimama mbali ni kwa yule ambaye ukaribu wetu wamdhuru. Palipo na mtu anayeitaka mikono yetu, umbali ni dhambi.

Tena tofauti moja yaonekana kati ya moyo wa jiwe na moyo uliojizuia. Moyo wa jiwe hupita, wala hausumbuki. Yule mzee alisimama nasi saa nzima katika baridi, na tulipotazama uso wake tuliona kwamba yeye naye aliumia. Alikuwa ameyaona mambo kama hayo mara nyingi, wala hakuyazoea. Alizuia motokaa nyingine zisisimame kati ya ndama na mto. Aliwaomba watu waondoke ukingoni, maana yule jike alisita kushuka alipowaona. Sheria ya hifadhi yamwagiza mtu akae meta 23 mbali na nyati na elki, na meta 91 mbali na dubu na mbwa mwitu; yeye alitupeleka nyuma zaidi ya hapo. Basi hakukaa bure. Kazi yote aliyoifanya ilikuwa ni kulinda nafasi kati ya mama na mtoto. Kumtupa kiumbe ni kumgeuzia kisogo. Kumwacha, kama mzee alivyomwacha, ni kusimama mbali huku unailinda njia yake isizibwe, hata kama hupati shukrani wala huoni mwisho. Wahenga husema, tenda wema nenda zako. Nasi tulijifunza kwamba pengine kwenda zako ni sehemu ya wema wenyewe.

Ndugu mwingine atasema: "Watu wana njaa na magonjwa, kwa nini kupoteza karatasi kwa ajili ya ndama?" Hili nalo lina uzito, tena lina historia. Kabla Yellowstone haijaitwa hifadhi, watu walikaa mle. Watukudika, wa jamii ya Washoshone, waliishi milimani wakiwinda kondoo wa mwitu, na makabila mengine mengi yalipita na kuwinda mle. Leo hifadhi yenyewe huyataja makabila 27 yenye uhusiano na nchi ile. Katika miaka ya 1870 na baadaye Watukudika waliondolewa, wakapelekwa katika nchi walizotengewa, ili wageni wapate kutazama mahali waliposema hapana watu. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana mwaka 1959 Wamasai waliokaa Serengeti walihamishwa, na nchi ikabaki ya wanyama na ya watazamaji. Macho hayana pazia, lakini yaweza kuchagua. Kuna jicho limwonalo swala, lisimwone mchungaji. Jicho la namna hiyo halijajifunza kutazama bado. Anayestahi nafasi ya ndama na mama yake, na astahi zaidi nafasi ya mtu na nyumba yake. Hatuwezi kuwafundisha watoto wetu kusimama mbali na kiota cha ndege, kisha wenyewe tukakanyaga mashamba ya maskini na kusema twalinda uumbaji.

Basi, swali letu la kwanza limejibiwa? Kwa sehemu. Twasema kwamba mtu aweza kusimama mbali asiwe mkosaji, kama amejiuliza kwa uaminifu mambo haya: shida hii ilitokana na mikono ya watu, au ni ya desturi ya nchi? Mkono wangu utamsaidia yeye, au utatuliza tu maumivu ya moyo wangu? Nami, baada ya kumgusa, nitaweza kukaa naye? Jambo la katikati ndilo lililotuchoma. Mwenzetu aliyevua viatu alituambia baadaye: "Nilipokuwa nikivua viatu sikuwa nikimfikiri ndama. Nilikuwa nikifikiri jinsi nitakavyolala usiku." Alisema kweli, na kweli hiyo ni yetu sote. Mara nyingi twatoa msaada ili kilio kikome masikioni mwetu. Mwenye kulia aweza kunyamaza kwa kuwa amepona. Aweza pia kunyamaza kwa kuwa tumemwondoa alipokuwa.

Wazazi watafahamu neno hili upesi. Mtoto ajifunzaye kutembea huanguka, na mama aliye karibu huuzuia mkono wake, ingawa kila anguko lamwumiza yeye kwanza. Mwalimu naye hulijua; mwanafunzi akikwama katika kusoma, mwalimu mwenye haraka humtamkia neno, na mwanafunzi hajui kusoma hata mwaka upite. Lakini mama yule hatoki chumbani, na mwalimu yule hafungi kitabu. Wangaliondoka, wangalikuwa wametupa. Wamekaa, wakangoja, na kungoja kwao kuna gharama.

Siku ya mwisho ya safari yetu tulipita tena katika bonde lile. Theluji ya juzi ilikuwa imeyeyuka, na maji ya mto yalikuwa yamepungua kidogo. Kundi lilikuwa mbali, chini ya mlima, na ndama wekundu walikimbizana kati ya miguu ya mama zao. Mwenzetu akachukua darubini, akatazama muda mrefu, akiwahesabu. Tukamwuliza, "Umemwona?" Akasema, "Wote wafanana." Kisha akamrudishia mzee darubini yake, akamshika mkono, wala hawakusema neno.